Kupandisha Boti ya Baba

Tangu arudi kutoka hospitali, Baba alikuwa na jibu moja kwa mambo yote ya dunia: "Sawa." Ukimwambia chakula tayari, sawa. Ukimwambia umeme umekatika, sawa. Bintiye alijaribu siku moja kumwarifu kwamba amefukuzwa shule na Jumamosi anaolewa na mpiga tarumbeta. Baba akatazama ukuta. "Sawa."

Binti huyo waliomjua walimwita Kengele. Jina alilipata bwenini, baada ya kengele ya shule kupoteza ulimi na wanafunzi wote kulala hadi jua likawa kali, kitendo ambacho uongozi ulisema kilifanywa na mtu asiyejulikana. Siku hizi hata jina lenyewe halikumchekesha. Tangu afike likizo alikuwa kama aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima. Alifua, akafagia, akala alichowekewa, na hakuna kilichomgusa.

Wazo la boti lilikuwa lake. Boti ndogo ya Baba, aliyokuwa akivulia samaki siku za mapumziko, ilikuwa juu ya trela lake katika yadi ya fundi, na fundi alitaka nafasi yake. Mjomba alijitolea kuipeleka kwake, mji wa pili. Kengele akakataa. Alitaka ije nyumbani, ikae pale Baba atakapoiona kutoka barazani. Huenda ingemtoa neno jingine. Hata tusi lingetosha.

"Ile njia yenu si njia, ni ngazi iliyomwagiwa zege," Mjomba alisema. "Nitaipandisha mara moja. Ikishindikana, boti inakwenda kwangu. Mimi sisimamii mitihani ya marudio."

Mjomba alikuwa mwalimu wa udereva, na hata chumvi mezani aliiomba kama anayefundisha somo. Alikuja na gari la shule yake, lenye kibao cha "MWANAFUNZI" juu ya paa, boti ikimfuata nyuma kwa utiifu.

Njia ilipanda kutoka barabarani hadi getini, ukuta wa jirani upande mmoja, mtaro upande wa pili, na katikati nafasi ya gari pamoja na dhambi zake chache. Mama alitembea kando ya mtaro, Kengele nyuma ya trela akiwa na jiwe la kuzuia tairi.

"Ukuta, kaka! Ukuta!"

"Nauona, dada. Na wenyewe unaniona."

"Unanuka moshi huo!"

"Ni klachi. Inatoa jasho."

Gari likaunguruma, likasita, likapanda. Boti ilikwaruza ukuta ikaacha mstari wa bluu, kisha ikapenya getini. Mjomba akapiga honi ya ushindi. Pua ya gari ilikuwa imesimama karibu kabisa na ndara za Baba, aliyekaa barazani na blanketi magotini. Matako ya boti yalikuwa bado nje ya geti.

"Mjomba," Kengele aliuliza, "sasa wewe utatokaje?"

Mjomba alitazama mbele: baraza. Kushoto: ukuta. Kulia: bustani ya spinachi ya Mama na uzio wake wa vijiti. Akageuka nyuma: boti.

"Swali zuri," akasema polepole.

Hapo ndipo wote walipokumbuka kwamba Baba aliiingiza boti hiyo kwa rivasi siku zote, boti kwanza, gari mwisho. Walikuwa wameona jambo hilo mara nyingi mno kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuliangalia.

"Ipandishe kwa rivasi wewe basi," Mama alisema. "Si wewe ni mwalimu?"

"Nafundisha magari, dada. Trela ukilikata kulia linakwenda kushoto, kama huyu mwanao. Nina wanafunzi asubuhi. Kuipandisha kinyumenyume siwezi; kushuka nayo nitajikongoja hadi barabarani, niende nayo. Tulikubaliana."

Kengele alimwendea Baba akachuchumaa. "Baba, boti inaondoka."

"Sawa."

Kengele hakuumia. Alijitafuta ndani, hapa na pale, kama mtu apapasaye mfuko uliotoboka, asione kitu. Akainuka.

"Mama," akasema. "Spinachi."

Mama alielewa. Bustani ile aliimwagilia kila alfajiri, akiiongelesha kuliko alivyoweza kumwongelesha mumewe. Aliitazama kwa muda. Kisha akainama, akaanza kung'oa vijiti vya uzio.

"Pita, kaka. Geuzia humo. Pita kabla sijabadili mawazo."

Gari likazunguka juu ya matuta, trela nyuma yake, majani yakilia chini ya matairi, hadi pua ikaelekea getini. Walifungua trela, wakaliwekea mawe. Mjomba akateremsha gari lake taratibu hadi barabarani, akarudi kwa miguu akijifuta jasho. Boti ilibaki imesimama katikati ya mboga, kubwa na ya kijinga.

"Si hapo," ilisema sauti barazani.

Wote watatu wakageuka.

"Hapo chini kuna shimo la choo," Baba alisema. Sauti ilikwaruza. "Mfuniko niliufukia kabla sijaoa. Hautabeba uzito huo. Nyie watu mna akili kweli?"

Mama alishika kiuno. "Miaka yote hii napanda mboga juu ya choo?"

"Ndiyo maana zilistawi."

Mjomba, ambaye mchana alikuwa ameongezewa spinachi hiyo mara mbili, alifunika mdomo kwa kiganja.

Kengele alisubiri furaha. Haikuja. Alibaki vilevile, kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi, kabla haujaanza kuchoma. Akaondoa mawe, akaweka bega kwenye ubavu wa boti. Mama akaja kulia kwake, Mjomba kushoto.

"Sukumeni," Baba alisema. Alikuwa amelitupa blanketi lile chini. "Kuelekea ukutani. Polepole, nimesema! Mwalimu mzima unasukuma kwa tumbo?"

Wakasukuma.