Kipande cha Mfereji Shambani kwa Idwal

Mfereji wa mashua wa bonde letu, hapa Wales, ulichimbwa zamani kwa sururu na majembe, kutoka machimbo ya chokaa ya Craig Hafod hadi mto Tarwen. Ulipita katikati ya shamba la akina Pryce. Farasi walivuta mashua nyembamba zilizoshusha chokaa na kurudi na makaa ya mawe. Reli ilipokuja, mizigo ikahamia huko. Baadaye ukingo ulibomoka, na hakuna aliyejisumbua kuuziba. Mzee Pryce alikijaza kipande chake vifusi, akamwaga udongo juu, akapanda nyasi. Hakuna shamba bondeni lililotoa majani mazuri ya ng'ombe kama lile.

Mzee alipofariki, shamba alilirithi mwanawe Idwal. Binti wa mzee, Eluned, alikuwa mwalimu mjini. Alipostaafu akarudi, akanunua nyumba karibu na daraja, na haukupita muda akaanza kukusanya watu kila Jumamosi kuufukua mfereji. Alikuwa na sauti ya darasani. Akikuambia shika koleo, ulishika.

Kisha ukafanyika mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Eluned alisimama mbele na ramani, akaonyesha njia yote: malango ya maji ya kuinulia mashua, madaraja, na sehemu iliyofukiwa.

"Hapa shambani kwetu hakuna shida," alisema. "Idwal hawezi kutukatalia."

Watu wakapiga makofi. Idwal alikuwa amekaa nyuma na kikombe chake cha chai, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Kwetu wapi, Eluned?" alisema, akisimama. "Wewe uliondoka. Anayeamka na ng'ombe ni mimi. Pale hampitishi hata bakuli la maji."

"Idwal, usiniaibishe mbele za watu."

"Umeshajiaibisha mwenyewe."

Basi ikawa hivyo. Wakachimba kutoka juu, wakachimba kutoka chini. Malango yakatengenezwa, maji yakarudi, na bata wakarudi nayo. Mashua za wageni zilifika kwenye ua wa shamba la Idwal, zikageuka. Za upande wa pili nazo zilifika kwenye ua wa Idwal, zikageuka. Eluned alimtuma mchungaji wa kanisa akamsihi. Mchungaji alirudi na mfuko wa viazi, bila jibu. Kanisani kaka na dada walitikisiana vichwa tu, kama watu waliowahi kukutana safarini.

Wengi walidhani Idwal anafurahia. Hakuwa anafurahia. Kuna vuli alizojiambia, nikishavuna nitamwendea. Halafu alimsikia Eluned ng'ambo ya ua akicheka na watu wa mjini, kicheko kile kile cha utotoni, na moyo ukajifunga tena.

Asubuhi moja jirani yao Tegwen alimfuata bandani akikamua.

"Idwal, dada yako nimemkuta kwenye ua wako, amevaa ndala, mvua yote inamwishia. Anauliza mashua inapita saa ngapi."

"Anakutania huyo."

"Hatanii, ndugu yangu. Ameniita mama, akidhani mimi ndiye mama yenu."

Idwal aliacha ng'ombe hajamaliza kukamuliwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Gethin, fundi mawe aliyekuwa amechukua uongozi wa wachimbaji.

"Chimbeni," alisema.

"Tuchimbe nini?"

"Unajua nini. Na trekta langu lipo."

Walichimba mwaka huo na uliofuata. Vifusi alivyovitia baba yake, Idwal alivitoa mwenyewe, na hakutaka kusaidiwa. Gethin alipomtania kwamba kumbe mzee ana nguvu, angezitumia mapema, Idwal hakucheka. Kila jioni alikwenda kumtazama Eluned, ambaye sasa aliishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila jioni Eluned alimkaribisha kwa adabu kama mgeni.

Siku mashua ya kwanza ilipopita kutoka mwanzo hadi mwisho, Idwal alimfunika dada yake blanketi, akamkalisha mbele.

"Unaujua huu mto?" Eluned aliuliza.

"Si mto, ni mfereji. Unatoka Craig Hafod." Akamweleza yote, chokaa, farasi, ukingo ulivyobomoka. Alikosea jina la lango moja, akasubiri asahihishwe. Hakusahihishwa.

Walipoingia shambani, Eluned aliinama akatazama kingo.

"Mawe ya hapa mapya. Kwa nini?"

"Mwenye shamba aligoma. Wengine walimaliza zamani."

"Mkorofi eeh?"

"Mkorofi sana."

Eluned alifikiri kidogo. "Labda hawakumwomba vizuri," alisema. "Watu hupenda kuombwa."

Idwal alishika ukingo wa mashua. Maneno hayo angeyasikia kwenye ule ukumbi, angechimba kwa mikono. Lakini na yeye angeweza kugonga mlango wa nyumba ya darajani siku yoyote katika miaka ile yote, na ilikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu.

"Eluned," alisema, "mwenye shamba ni mimi. Mimi Idwal. Nisamehe, dada."

Eluned alimpigapiga mkono, kama anavyotulizwa mtoto wa watu. "Hamna neno, baba. Unaendesha watu vizuri."

Aliyekuwa anaendesha ni Gethin, lakini Idwal hakumsahihisha.

Eluned aliishi majira mengine mawili ya kiangazi. Hali ya hewa ikiruhusu, Idwal alimpandisha mashuani, na kila mara Eluned aliifurahia kama safari yake ya kwanza, akauliza mto gani huu, akaelezwa upya. Idwal aliizoea njia hiyo hadi akaweza kuisimulia akiwa amefumba macho. Ila mtu aliyetaka kumsimulia, yule mwalimu mwenye ramani, hakuwahi kupanda naye hata mara moja.