Aliyeinama Mbele ya Walioketi

Wazazi wa hapa mjini Logan hudhani kazi ya mwalimu wa chekechea ni kufuta kamasi na kuimba. Laiti ingekuwa hivyo! Kazi yenyewe ni kuandika. Unakaa pembeni, unamtazama mtoto mmoja, unaandika alichofanya, si unachomdhania. Mimi nilikuwa bado najifunza, na karatasi zangu zilirudi zimejaa wino mwekundu. "Tavita ana furaha," niliandika siku moja. Noreen, mwalimu mkuu wetu, akaniuliza, "Hiyo furaha uliiona wapi? Ilikaa kiti gani?"

Alhamisi ile hakuwa na mzaha. Alinivuta hadi jikoni, akashusha sauti.

"Penina, mwandike Tavita tena. Akimpita mtu mzima anajikunja kama anakwepa kofi. Sheria inanitaka niwapigie simu watu wa ustawi wa jamii. Nitapiga jioni, labda unipe sababu ya kutopiga."

Nyumba ya kina Tavita naijua. Bibi yake, Mama Faasao, ndiye aliyenifundisha kuimba kanisani. Wale watu wakija na gari lao, mtoto wa miaka minne anaweza kulala kwa wageni usiku huohuo.

Niliandika asubuhi nzima. Noreen akasoma, akakunja uso.

"Hapa unasema alipita mbele yangu akachukua kikombe. Alipitaje?"

"Si alipita tu."

"Alijikunja mpaka kidevu kikagusa kifua! Unawaficha watu wako?"

Haki ya Mungu, sikuwa namficha mtu. Sikuona. Kwetu Wasamoa, watu wa visiwa vya mbali, ukipita mbele ya aliyeketi unainama na kusema *tulou*, yaani niwie radhi. Nimeinama hivyo tangu nilipojua kusimama, kwangu huko ndiko kutembea. Waliosema mazoea yana taabu hawakukosea. Nilijiona mjinga wa mwisho.

"Ni adabu, Noreen! Hata mimi nainama."

"Sikukuomba utetezi. Adabu huinamisha shingo, na woga huinamisha shingo. Nionyeshe tofauti."

Nikarudi pembeni na kalamu yangu. Tavita alimpita Noreen aliyekuwa ameketi, akainama. Aliwapita wenzake waliokuwa mkekani wakila biskuti, akainama. Aliinama hata mbele ya binti mmoja aliyeketi kwenye poti, kwa heshima zote. Kisha akaingia fundi bomba, pande la mtu, amesimama na spana mkononi akimfokea mtu kwenye simu. Tavita akampita shingo imenyooka, tena akagongagonga sanduku lake la vifaa. Nilitamani kupiga vigelegele. Mtoto anayeogopa kofi humwogopa aliyesimama! Niliandika mbiombio.

Fundi akatoka, upepo ukaubamiza mlango. Tavita akafunika kichwa kwa mikono yote miwili na kujibana ukutani. Wenzake waligeuka tu, wakaendelea kucheza.

Mkono wangu uliandika kabla sijafikiri. Halafu nikausoma ule mstari, nikaufuta kwa wino mzito. Ni kelele tu, nikajiambia, kila mtoto hushtuka. Lakini wenzake nilikuwa nimewaona.

Noreen alisoma taratibu. Alipofika kwenye poti akacheka.

"Kumbe ananiheshimu! Humu ndani ni yeye peke yake." Kidole chake kikateremka, kikasimama. "Hapa umefuta nini?"

"Nilikosea."

"Ulikosea kuona au ulikosea kuandika?"

Nikamsomea ule mstari kwa sauti, neno kwa neno.

"Kwa nini alifanya hivyo?" akauliza.

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Basi kuinama tumekumaliza, lakini hili bado, na simu ipo palepale. Bibi yake akija, muulize wewe. Mimi hatanijibu."

Mama Faasao alifika na mwavuli wake mkubwa, akajishusha kwenye kiti cha watoto mpaka kikalia.

"Penina, mbona umekonda hivyo? Hawa wazungu hawakulishi?"

"Wananilisha, Mama."

"Wanakulisha majani. Jumapili njoo ule magimbi."

Niliketi sakafuni mbele yake. Kwetu, kumuuliza mzee swali kama lile ni kumvua nguo hadharani, na kama nimekosea, kanisani sitakuwa na pa kuuweka uso wangu. Nilitamani aendelee tu kunitania mpaka jioni. Noreen alikuwa dirishani, anatutazama.

"Mama," nikasema, "leo mlango ulibamizwa. Tavita akafunika kichwa, akajibana ukutani. Nimemwona kwa macho yangu. Kuna nini nyumbani?"

Tabasamu likamfutika usoni. Alimtafuta mjukuu wake kwa macho, akamwona yuko mbali kwenye mchanga. Kisha akautazama mlango kwa muda mrefu, kama vile kuna mtu aliyekuwa anakuja.

"Ufunge mlango kwanza, mwanangu, nikueleze," akaninong'oneza. "Taratibu."