Kikao chenye Chai

Kufikia adhuhuri, Anitha alikuwa amesimulia mara nne jinsi mwanamke mmoja alivyomchukua kwao Magamba kwa ahadi ya shule, kisha akamfungia ndani miaka miwili, afue na kupika bila ujira. Polisi walimtuma kwa daktari, daktari akamtuma ustawi wa jamii, ustawi wakamrudisha polisi. Kila ofisi ilifungua jalada jipya na kusema, "Haya binti, anza mwanzo."

Aliapa kwamba ya tano haisimulii. Lakini bila mihuri yao yote, leo asingelala kwa mama yake.

Ofisi zote tatu zilikuwa jengo moja. Basi akapita mlango kwa mlango, mpole kama yuko msibani.

"Shikamoo. Unaitwa kikaoni, ukumbini. Uje na muhuri. Chai ipo."

Dakika kumi hazikuisha, wote watatu, polisi, daktari na afisa ustawi, walikuwa wameketi.

Anitha akauegemea mlango. "Nasimulia mara moja tu."

Walisikiliza, wakaandika jalada moja, wakagonga mihuri.

"Sasa, binti," daktari alikohoa, "chai iko wapi?"

"Kwa mama, Magamba. Nani ana gari?"