Bandi ya Mgongoni

Fundi alikuwa mwanamke wa kusahau sura. Ungeweza kuongea naye Jumatatu mpaka mkauke koo, Jumanne akakupita njiani kama nguzo. Lakini nguo yako hakuisahau. Miaka ishirini nyuma ya cherehani ilikuwa imemfundisha kuwajua watu kwa mapindo yao na kwa vifungo vyao visivyofanana. Ndiyo maana yule mwanamume wa zahanati, ambaye hakuwahi kumwona uso, alimjua kuliko anavyowajua majirani zake.

Koti la kahawia. Bega la kushoto limeshuka. Mpasuo wa nyuma uliwahi kuchanika, na fundi mmoja asiye na haya akauziba kwa uzi mweusi.

Ilikuwa wiki tatu nyuma. Fundi alimpeleka mama yake zahanati kwa ajili ya magoti, wakakuta watu wamejaa hadi mlangoni. Mfagizi mmoja akamwonea huruma yule mama, akamtolea kiti cha plastiki kutoka stoo. Mama akageuka taratibu, akashika magoti, akaanza kujishusha. Kabla hajafika, lile koti likapita mbio na kukaa. Mama akakosakosa kuanguka, akajishikiza ukutani. Fundi alikuwa akirudi kutoka dirisha la kuandikisha, na yote aliyaona kwa nyuma. Alimwambia mwenye koti kwamba kile kiti ni cha mama yake. Mwenye koti hata shingo hakugeuza.

"Kiti hakina jina," alisema, akafunua gazeti.

Fundi angemvuta kwa hilo bega lake lililoshuka, ila papo hapo dirishani wakamwita, kadi ya mama haionekani. Alibishana nao karibu saa nzima. Aliporudi, mwenye koti alikuwa ameshaondoka, na mama amekaa mwisho wa benchi, anacheka peke yake. Alisimama nusu saa, alieleza, kisha mwanamume mmoja akaja akampisha na kumwambia kwamba magoti ni kama mashemeji, huwa kimya mpaka siku una safari. Mama alicheka hadi nyumbani. Fundi hakusikia kitu. Masikioni mwake kulikuwa na sentensi moja tu, ile ya kiti kisicho na jina.

Tangu siku hiyo akawa na donge. Akikata kitambaa, anamkata yule mtu. Akipiga pasi, anampiga pasi. Mama akawa anamwambia kila siku amwachie Mungu, naye akawa anajibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, nyingine si vibaya kumsaidia.

Basi Mungu si Athumani. Jumanne asubuhi mlango ukafunguliwa, koti la kahawia likaingia.

Fundi alihisi damu ikimpanda hadi kwenye nywele. Aliyelivaa alikuwa mtu mwembamba, mwenye meno ya kucheka na viatu vilivyong'arishwa kupita umri wao. Alieleza kwamba Alhamisi saa tatu ana usaili wa kazi ya ukarani kwenye ghala la pale njia panda, na kwamba kazi hiyo ameitafuta mwaka na nusu. Alitaka koti libanwe mgongoni na mikono ikunjwe. Ila lisikatwe hata kidogo.

"Nimepungua," alisema, akiangalia chini. "Nikiipata hiyo kazi huenda nikanenepa tena."

Hapo ndipo Fundi alipopaswa kushtuka. Mtu akikonda hupungua tumbo, mikono yake haipungui urefu. Mabega ya koti yalimpita mtu yule vidole vinne kila upande, na mwanafunzi wa wiki moja wa ushonaji angejua kwamba koti lile lilishonewa mtu mwingine. Lakini hasira ni hasara, na Fundi siku hiyo alikuwa haoni vipimo, anaona kiti. Alimzungushia futi kifuani huku akimtabasamia kama mkwe.

Akabaki na koti, akafunga mlango. Aliufumua mshono wote wa mgongo, kola hadi chini, akaubana upya kama alivyoombwa, ila badala ya kuupitisha kwenye cherehani akaupiga bandi. Bandi ni ule mshono mlegevu wa mkono, wa kushikiza nguo kwa muda ikisubiri mshono wenyewe. Kwa kazi hiyo alichagua uzi wa zamani, uliooza kwa jua dirishani. Kisha akapiga pasi mpaka koti likalala kama jipya. Mtu akisimama wima na kufunga mikono, lingedumu. Akiketi, au akinyoosha mkono kuwasalimia wakubwa wa ghala, ndipo wangemjua mgongo. Fundi aliimba kazini siku mbili zile, na Jumatano usiku alilala usingizi wa mtoto.

Alhamisi saa mbili mteja alikuja, akavaa, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma. Alishukuru mpaka akaudhi. Fundi alimwombea kila la heri.

Haikupita nusu saa, mama akaingia na chupa ya chai, anacheka. Alisema amekutana hapo nje na yule mchekeshaji wake wa zahanati, yule wa magoti na mashemeji, amependeza kweli na koti la kahawia, anakwenda kuulizwa maswali ya kazi.

Fundi aliuliza mara mbili. Koti la kahawia? Ndiyo. Ndiye aliyekupisha? Ndiye, mwanangu, sura yake nitaisahauje. Na aliyekunyang'anya kiti? Yule alikuwa pande la mtu, mama akasema, koti lilimbana hilo.

Fundi alichomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, akanyakua kibiringo cha uzi, akatoka mbio na kandambili za dukani.

Alimkuta ukumbini kwenye ghala. Viti vilikuwa sita na waombaji saba, naye ndiye aliyesimama. Kiti chake alikuwa amempa mama mmoja mjamzito. Kumbe kusimama ndiko kulikomwokoa. Lakini alipomwona fundi wake, kwa furaha alifungua mikono yote miwili kumkaribisha, na koti likaachia, trrr, kola hadi chini. Waombaji wote wakainua macho.

Fundi alimgeuza uso ukutani, akaanza kushona akiwa amelivaa vilevile, na huku akishona alimwambia yote kwa sauti ya chini: kiti, mama, gazeti, bandi, uzi uliooza. Hakujitetea. Mgongo wa yule mtu ulikuwa umetulia kabisa, na Fundi alikuwa tayari kwa tusi lolote.

"Alisema kiti hakina jina?" mtu yule aliuliza mwishowe.

"Ndivyo."

Mabega yakaanza kutikisika. Ilimchukua Fundi muda kuelewa kwamba anacheka. Koti lile, alisema, ni la shemeji yake, ameliazima baada ya kumbembeleza siku nne. Siku ile yeye ndiye aliyemsindikiza shemeji zahanati, akatumwa maji, na aliporudi akamkuta mama wa watu amesimama na shemeji amekaa. Aliona aibu, akampisha nafasi yake ya benchini. Hata siku mteja huyu alipooa, shemeji huyo huyo alikaa kiti cha bibi harusi mpaka picha zikaisha.

Wakaita nambari nne. Fundi alikata uzi kwa meno, akamsukuma ndani.

Jumamosi yule mtu alikuja dukani na koti mkononi. Kazi ameipata, anaanza Jumatatu. Mama alikuwepo, akampigia vigelegele. Akaliweka koti mezani, akasema leo jioni linarudi kwa mwenyewe, kwa hiyo lifumuliwe, lirudishiwe upana wake wa zamani. Kesho shemeji anaongoza kikao cha ukoo, na huwa anapenda sana kunyoosha mikono akihutubia.

Akalipapasa mgongoni.

"Sasa Fundi, sijui kama ule uzi wako wa dirishani umekwisha."

Fundi alimtazama mama yake. Wiki tatu mama huyu alikuwa akihubiri msamaha asubuhi na jioni, na kwa aibu ya Alhamisi, Fundi alikuwa ameapa kumsikiliza. Akafungua mdomo aseme kwamba yaishe, tumwachie Mungu.

"Hebu nipe hiyo sindano," mama akasema. "Aliyesimama ni mimi."

Fundi alitunga uzi uliochoka kuliko wote dukani, akampa, kisha akamvutia kiti.