Injini ya Shangazi na Kuku Sita

Kwanza ilisikika filimbi. Fiiiiii, nyembamba, ndefu, kutoka kona ya soko. Mtaa mzima uliijua: Shangazi anarudi kutoka kuzalisha. Mshona viatu, ambaye kibanda chake kimepakana na ua wetu, akavuta stuli yake kando ya barabara kama kawaida, maana Shangazi hapunguzi mwendo kwa ajili ya stuli. Lakini siku hiyo filimbi ilikatika katikati, na nyuma yake ikaja sauti nyingine: ko, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga bati kwa nyundo huku akidai haki yake. Kisha kimya. Kisha sauti ya Shangazi, ambayo haijawahi kuhitaji injini.

"We mtoto wa kaka yangu! Toka nje!"

Nikatoka kwenye banda langu la ufundi, alilonipa Shangazi hapo uani, na spana mkononi. Gari lilikuwa limesimama hatua chache kutoka getini, limejifunika moshi wa buluu. Shangazi alikuwa kando yake, mkoba wa ukunga begani, viatu vyeupe miguuni.

"Limekufa?" akauliza.

"Limezimia," nikasema.

"Mimi nimefanya kazi na waliozimia miaka thelathini. Hilo limekufa."

Gari lile alilinunua kwa sababu ya rangi yake na ukubwa wa buti. Turbo ilikuja nalo bila kuombwa, kama shemeji anavyokuja na mke. Turbo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini, kazi yake kuisukumia injini upepo mwingi ili iwe na nguvu. Filimbi ile ilikuwa ya kifeni hicho.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema siku ile. Kando ya turbo kuna skrubu ndogo inayoamua upepo uingie kiasi gani. Miezi miwili kabla, nilikuwa nikiendesha gari hilo kwenda kununua oili, Profesa akanipita na honi juu. Profesa ni fundi wa mtaa wa pili, mwenye cheti cha chuo ukutani na kalamu sikioni. Mimi nimejifunza kwa mikono yangu, na mtu akinipigia honi damu yangu huchemka kabla ya rejeta. Nilirudi nyumbani nikaikaza ile skrubu mizunguko mitatu. Gari likawa linaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji. Shangazi akasema, "Siku hizi linaniitikia vizuri." Nikanyamaza, nikavimba kifua.

Basi nilipoifungua injini nikakuta pistoni ya tatu imemeguka ukingo kama biskuti iliyochovywa chai. Shangazi akaichukua, akaigeuzageuza.

"Uzee?" akauliza.

"Uzee," nikasema.

Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko alivyoiangalia pistoni.

"Sikiliza, baba. Sitaki gari linaloruka. Nataka gari linalofika. Wanawake wangu hawawezi kumwambia mtoto asubiri fundi amalize. Nakupa wiki tatu. Likinipandisha kilima cha hospitali na kunirudisha, banda hili endelea nalo. Likishindwa, gari nampelekea Profesa, na banda nafugia kuku."

"Kuku gani, Shangazi?"

Kesho yake akaja nao. Kuku sita ndani ya tenga, akaliweka mlangoni pa banda langu, ndani kidogo ya kizingiti. Tangu asubuhi hiyo walinitazama kama wapangaji wapya wanavyomtazama wa zamani ambaye hajahamisha vitanda.

Mlango wenyewe nilikuwa nimeuandika kwa rangi nyekundu, ubeti wangu mwenyewe:

*Injini iliyogoma, nipe mimi nitaponya,*
*Wenye vyeti walosoma, kazi yao kudanganya,*
*Fundi mimi ni wa chuma, kosa sijawahi fanya.*

Mshona viatu alikuwa akiusoma kila asubuhi kwa sauti, na akifika mstari wa tatu anakohoa.

Nikaanza kazi, na niseme wazi, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilibomoa kila kitu mpaka injini ikabaki chuma kitupu. Nikaosha njia zote za oili kwa brashi nyembamba, maana injini ya turbo haifi njaa, hufa kiu. Bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo lilikuwa limeziba kwa masizi. Nikalitupa, nikafunga jipya. Pistoni mpya nne, ringi mpya, beringi mpya, kila moja nikaipima kabla ya kuifunga. Bolti za silinda hedi nikazikaza kwa raundi tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu niliyoazima kwa kiapo. Nikaongeza kipoza oili. Na ile skrubu nikairudisha mizunguko mitatu, huku nikiangalia nyuma kama mwizi anayerudisha alichoiba.

Shida ilikuwa moja: manyoya. Kuku sita wakikasirika ndani ya tenga, banda zima linapata theluji. Na nyoya moja likiingia kwenye injini iliyo wazi, kazi yote imeharibika. Nikamwomba Shangazi matambara. Akanipa shuka kuukuu la kitanda, jeupe lenye mawaridi mekundu makubwa. Nikalikata vipande, na kila tundu la injini, kila bomba, kila mdomo, nikauziba kwa kitambaa. Injini ikaonekana kama imejiandaa kwa harusi.

Siku ya ishirini nikaizungusha kwanza bila kuiwasha, mpaka oili ikafika kwenye turbo. Kisha nikawasha. Ikaunguruma taratibu, haina ko-ko-ko, haina moshi. Nilitaka kulia, lakini kuku walikuwa wakitazama.

"Jumamosi asubuhi," Shangazi akasema. "Kilima."

Jumamosi nikakaa usukani, Shangazi kando yangu na mkoba magotini. Barabara ya tambarare tukaenda vizuri kiasi. Filimbi ilisikika, ila nyembamba, imebanwa, kama mtu anayepiga mluzi huku mdomo umejaa mkate. Nikajiambia ni upya. Tukaanza kilima. Gia ya tatu ikakataa. Nikaingiza ya pili. Nikaingiza ya kwanza. Nikakanyaga mafuta mpaka kidole gumba kikaniuma. Nyuma yetu akatokea mzee wa baiskeli mwenye kreti mbili za soda, anakanyaga huku amesimama. Akatufikia. Akaenda sambamba nasi kidogo, kwa adabu.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, baba. Na wewe?"

"Namshukuru Mungu," akasema, akatupita.

Shangazi akaukaza mkoba magotini. Tulipofika katikati ya kilima gari likasimama lenyewe. Akasema, "Geuza."

Getini mshona viatu alikuwa anatungoja. "Mmerudi mapema! Kilima kimehamishwa?"

"Mafuta mabaya," nikamwambia. "Kituo kile wanauza maji."

"Aa. Na yule wa soda anatumia mafuta gani?"

Shangazi akamtuma akamwite Profesa. Akaja na kalamu sikioni na kompyuta ndogo kwapani. Kabla ya kufungua boneti alisimama mbele ya mlango wangu akausoma ubeti wote, polepole, mkono mmoja nyuma.

"Vina vimekaa vizuri," akasema. "Sasa tuone injini."

Akachomeka waya wake, akakunja uso. "Sensa, kile kipimio cha upepo unaoingia. Ibadilishwe."

"Sensa ni mpya!" nikafoka. "Nimeiweka kwa mikono hii!"

"Ndiyo maana."

"Profesa, kwako wewe kila ugonjwa ni sensa. Ukiumwa tumbo utabadilisha sensa!"

"Na wewe kila ugonjwa ni mafuta mabaya, mdogo wangu. Ubeti huo umeujaza mafuta gani?"

Tulikuwa tumekaribiana pua kwa pua, kuku wakishangilia, Shangazi alipofunga bomba la maji. Alikuwa akinawa mikono, mpaka kwenye viwiko, kama anavyonawa siku zote kabla ya kazi.

"Lile shuka," akasema. "Ulikata vipande vingapi?"

"Shangazi, hapa tunazungumza mambo ya injini."

"Na mimi nazungumza mambo ya injini. Sisi tukimaliza kuzalisha, hatumshoni mama kabla ya kuhesabu vitambaa. Viliingia vingapi, vilitoka vingapi. Mkuu wa wodi anasimama hapo mlangoni na hakuna anayekwenda kula. Nakuuliza tena. Viliingia vingapi?"

Nilifungua mdomo. Ulitoka upepo tu, tena upepo usio na turbo.

"Hukuhesabu."

"Sikuhesabu."

"Leta vyote."

Nikavileta ndani ya ndoo, vimelowa oili, vingine vyeusi tii. Shangazi akapiga magoti kwenye sakafu ya ua, akaanza kuvipanga. Kona ya shuka hapa, pindo pale, nusu ya waridi kwa nusu ya waridi. Profesa akaweka kompyuta chini, akapiga magoti pia. Mshona viatu akaruka ua akaja, na yeye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, maana maisha yake yote ni kulinganisha vipande. "Hiki kinakaa huku. Geuza. Hapana, bwana fundi wa chuma, geuza tena." Baada ya robo saa shuka zima lilikuwa limetandikwa pale uani, chafu, lenye mishono mia, kila ua mahali pake.

Isipokuwa moja. Karibu na katikati, sakafu ilikuwa ikituchungulia kupitia tundu la ukubwa wa kitambaa cha mkononi.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Profesa ndiye aliyesema, tena kwa upole, "Bomba la kutoka turbo kwenda kwenye kipoza upepo. Mimi mwenyewe ningelisahau hilo, limejificha." Kisha akaitoa kalamu sikioni, akaiweka mfukoni.

Nikalegeza klipu, nikavuta bomba. Profesa akamulika tochi. Ndani kabisa, kwenye mdomo wa kipoza, kitu chekundu kilikuwa kimejikunja. Nikaingiza koleo, nikavuta, kikazidi kuganda. Shangazi akanisukuma kwa nyonga.

"Toka. Huyu ametanguliza makalio. Ukimvuta hivyo utamwumiza."

Akaingiza vidole viwili, akafumba macho, akazungusha kidogo kushoto. Waridi likatoka lote, zima, jekundu. Akalikung'uta na kulipiga kofi kwa nyuma.

"Halilii," mshona viatu akasema, na hapo ndipo tulipocheka, hata mimi.

Shangazi akanitupia lile tambara. "Mstari wa tatu. Futa."

Nikatia mafuta ya taa, nikausugua *kosa sijawahi fanya* kwa waridi lile lile mpaka mbao zikaonekana. Kisha nikahesabu vipande vyote mbele ya mashahidi watatu, thelathini na moja, nikafunga bomba, nikawasha.

Fiiiiii.

Tulipanda kilima kwa gia ya tatu. Hatukuruka. Gari lilipanda kama mtu anayejua anakokwenda na hana deni na yeyote. Karibu na kilele tukamkuta mzee wa soda akipumzika kwenye kivuli cha ukuta. Shangazi akashusha kioo.

"Habari za mchana, baba!"

Akatupungia kofia.

Tukarudi nyumbani. Niliegesha mbele ya banda. Shangazi akanyoosha mkono kuzima gari, nikamzuia.

"Dakika moja, Shangazi. Turbo ikiwa ya moto haizimwi ghafla. Iache ipumue, oili ipite, ipoe. Dakika moja tu kila ukifika."

Nilitegemea aniambie hana dakika. Badala yake akaegemea kiti, akafunga mikono kifuani, akanigeukia.

"Sawa. Basi dakika hii tuitumie. Kimetoka kimoja. Na cha pili?"

"Cha pili kipi? Tumehesabu thelathini na moja."

"Baba, nimewaona watu wenye pacha tumboni. Wa kwanza akitoka, hawatulii. Tangu siku ya ile pistoni hutulii. Bado kuna kimoja ndani. Sukuma."

Injini iliunguruma taratibu. Kuku walinitazama kupitia kioo.

"Haikuwa uzee," nikasema. "Niliikaza skrubu ya turbo. Mizunguko mitatu. Profesa alinipigia honi."

"Ndiyo maana lilikuwa linaruka?"

"Ndiyo."

Akaitazama boneti. Kisha akasema, kwa masikitiko ya kweli, "Na mimi nilidhani ni sala zangu."

"Nisamehe, Shangazi. Ungeweza kukwama na mtu yuko kwenye uchungu. Nilikudanganya usoni. Skrubu nimeirudisha. Nakuahidi..."

"Usiniahidi mimi." Akazima gari, dakika ilikuwa imetimia. "Mimi nimesikia ahadi za wanaume mlangoni pa wodi miaka thelathini, masikio yamejaa. Nenda kawaahidi wale wanaolitaka banda."

"Kuku?"

"Kuku. Wao hawasahau."

Nikashuka. Nikapiga magoti mbele ya tenga, mimi, fundi wa chuma. Kuku wote sita wakageuza shingo, kila mmoja akanikazia jicho moja.

"Nikiigusa tena ile skrubu bila Shangazi kuniambia," nikaanza.

"Sauti!" mshona viatu akaita kutoka ng'ambo ya ua. "Yule wa nyuma hajasikia!"

Nikavuta pumzi, nikaipandisha sauti mpaka kona ya soko.

"Nikiigusa tena ile skrubu bila Shangazi kuniambia, au nikifunga injini yoyote kabla sijahesabu matambara yangu, banda hili ni lenu, na majani nitawatandikia mimi mwenyewe, kwa mikono hii!"