Nani Aliacha Kisima Wazi

Mpiga eksirei alitakiwa ajibu kabla ya saa kumi alasiri, na saa nane ilishapita. Alikuwa amepata nafasi mbili za kujifunza kuandika hadithi, lakini hospitali ilimpa ruhusa ya moja tu: warsha ya kila Jumamosi nyuma ya maktaba, au shahada ya uzamili chuoni, jioni tatu kwa wiki, chini ya mhadhiri ambaye wanafunzi walimwita Mkasi.

Kote alipeleka hadithi ileile. Mtoto wa miaka minne anatumbukia kisimani asubuhi, nguo za shule zikiwa bado zinadondosha maji kwenye kamba.

Warshani walimpigia makofi. Mwenyekiti alifuta miwani, akasema imemliza, akampa kiti cha karibu na feni. Wakati wa kuosha vikombe, mpiga eksirei alimwuliza dada mmoja riwaya yake imefika wapi. Dada akajibu, bila wasiwasi wowote, kwamba yuko sura ya kwanza, na huu ni mwaka wake wa nane. Wakacheka wote. Mtu angeweza kuzeekea pale kwa raha zake, na hakuna ambaye angemwuliza kitu.

Kwa Mkasi hakukuwa na feni. Hakusema hadithi ni nzuri wala mbaya. Alifunua kurasa kwa kidole gumba, akasema, "Ukurasa wa pili kisima kina mfuniko wa bati. Ukurasa wa tatu hakina. Nani aliutoa?"

Mpiga eksirei alijitetea kwamba hadithi haikuhitaji hilo. Mkasi akamwambia kwamba akija, kuandika jibu la swali hilo ndiyo itakuwa kazi yake ya kwanza. Itasomwa kwa sauti mbele ya darasa, naye atakaa kimya mpaka wenzake wamalize kusema.

Mfuniko aliutoa yeye, mpiga eksirei mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa, ametumwa maji, akasikia wenzake wanaruka kamba, akaacha kila kitu pale na kukimbilia huko. Mdogo wake alipozikwa, nyumbani ilisemwa kwamba mfuniko ulitolewa na upepo. Miaka ishirini na miwili ikapita, na upepo ukabaki ndio mwenye kosa.

Mchana huo kazini alimwambia mzee mmoja avute pumzi na kuishika, kisha akasahau kumwambia aachie. Mzee alivumilia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Binti," alisema alipoweza, "unanipiga picha au unanizika?" Msimamizi akamrudisha nyumbani mapema.

Alimkuta mama yake sebuleni akimpigia pasi sare zake za hospitali. Mama hakuwa mtu wa kuzunguka. Alimwambia kwamba amepauka kama unga, na kama ni ile habari ya masomo, basi achague moja apumzike. Mpiga eksirei akasema atakwenda warshani. Ni karibu, watu wake wapole, na ni siku moja tu kwa wiki. Akashika simu. Akakosea neno lake la siri mara mbili.

Mama akauliza kile chuo kina ubaya gani.

"Yule mwalimu anauliza maswali. Kazi ya kwanza ni kujibu moja, na jibu linasomwa mbele ya darasa."

"Si ndiyo kazi yake? Anauliza nini?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika nane. Angeweza kudanganya, alikuwa na uzoefu wa kutosha.

"Anauliza nani aliacha kisima wazi."

Pasi ilisimama. Wote wawili walisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, na hakuna aliyejongea. Mwishowe mama akaiinua. Alama ya kahawia ilikuwa imebaki mgongoni mwa sare.

"Ndoo yako ilikuwa pale kisimani," alisema mama, macho yake kwenye ile alama. "Niliificha kabla baba yako hajafika. Kukuuliza ndiko kulikonishinda. Niliogopa utanijibu."

Mpiga eksirei alikuwa ameshika pumzi, kama yule mzee wa mchana. Zikiwa zimebaki dakika mbili, akabonyeza kukubali nafasi ya chuoni.

Mama alichukua sare nyingine, akainyunyizia maji, akainyoosha taratibu kuliko kawaida yake.

"Hiyo kazi ya kwanza," alisema, "itasomwa siku gani?"