Nembo Iliyoinama

Jumanne asubuhi, Rula alikuwa akifuta vumbi kwenye skrini kwa mkono wa sweta lake wakati meneja wa masoko alipomwekea kikombe cheupe mezani na kumwambia kwamba nembo mpya ya kampuni lazima ikae hapo pia. Ikae kwenye fulana, kwenye simu, kwenye ukuta wa jengo lao la ghorofa saba, na pembeni ya skrini kila gemu inapofunguka. Kila mahali ikae tofauti, na kila mahali mtu aijue kuwa ni ile ile.

"Inyumbulike," alisema meneja. "Vijana wa siku hizi hawataki kitu kilichoganda."

Rula, aliyepewa jina hilo na wenzake kwa sababu mistari yake haikuwahi kwenda mrama, alitikisa kichwa kukubali. Tangu mwezi uliopita alikaa ofisini kama aliyekalia miiba. Kaka yake, aliyekuwa akichora wahusika wa gemu kwenye meza ya jirani, alianguka kutoka kitini mchana kweupe, baada ya wiki kadhaa za kufanya kazi bila kwenda nyumbani ili gemu moja isichelewe. Ofisi nzima ilimwita Mashine, na yeye, masikini, alilipenda jina hilo. Sasa alikuwa nyumbani kwa Rula, mdogo wake, juu ya kochi, na mkono wa kulia usiomsikiliza. Kampuni iliwatangazia wafanyakazi kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, ikawataka waendelee kuwa na furaha.

Rula alitaka neno moja tu kutoka kwa mkurugenzi: kwamba kaka yake aliumia pale, akiwa kazini. 

Wachora nembo wanajua kwamba kitu kinachobadilika kila mahali lazima kiwe na sehemu moja inayogoma kubadilika, la sivyo macho yanapotea. Sehemu hiyo ndiyo iliyomhangaisha. Alichora duara akalifuta, akachora pembe nazo akazifuta. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akasahau kwa nini alikwenda. Mwishowe mkono wake ulivuta mstari mmoja mnene uliopinda juu na kunyooka chini, akauacha kwa kuwa ulikaa vizuri. Ulikuwa mgongo wa kaka yake akiwa ameinamia kibodi. Hilo Rula alilitambua baadaye, nembo ikiwa imeshachapwa kwenye kikombe na imeshaanza kusogea yenyewe, ikijishika kiuno.

Haikuleta fujo. Kwenye fulana ya mpokea wageni ilipiga miayo na kujifunika mdomo. Kwenye mlango wa lifti iligawanyika katikati kila mlango ulipofunguka, ikasubiri kwa adabu mpaka ufungwe. Mhasibu alilalamika kwamba ya kwenye kalamu yake inasinzia, akaambiwa aitikise. Fundi wa kompyuta alisema faili lake ni dogo na halisumbui mtandao, kwa hiyo yeye hana neno.

"Inaongea," alisema mkurugenzi, akikizungusha kikombe chake. "Hiki ndicho nilichokuwa nataka."

Siku ya uzinduzi wafanyakazi walisimama barabarani na glasi za juisi, nembo ikapandishwa ukutani kwa ukubwa wa jengo zima. Kwa muda ilikaa vile vile, imeinama. Kisha iliteleza kutoka kwenye kiti ambacho hakuna aliyekichora, ikaanguka ubavu, mkono wa kulia umekunjika chini yake. Wapiga picha walirudi nyuma kidogo ili iingie yote.

Rula hakuweza kutulia. Alimpa mtu glasi yake, akamnyang'anya tena, akaiweka chini. Halafu akapiga moyo konde, akapenya katikati ya watu hadi kwa mkurugenzi.

"Bosi, yule ni kaka yangu."

Mkurugenzi alitazama juu. "Mashine?"

"Ndiyo. Ndivyo alivyoanguka. Humo ndani, ghorofa ya tatu."

"Namwona," alisema mkurugenzi kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kweli. "Ni yeye kabisa. Hata ile kola yake iliyopinda."

Rula alisubiri. 

"Ila tusiweke jina," aliendelea mkurugenzi. "Jina linabana. Tukishasema ni fulani, haitaweza kuwa mtu mwingine tena." Akamgeukia meneja wa masoko. "Hilo pozi la kulala liingie kwenye mwongozo wa nembo. Litafaa sana kwa gemu za vita."

Meneja aliandika kwenye simu yake. Mtu alianza kupiga makofi, na wengine wakadakia.

Jioni Rula alimkuta kaka yake mbele ya televisheni, ambako uzinduzi ulikuwa umeonyeshwa wote.

"Mkono wameupatia," alisema kaka yake. "Kidole gumba tu. Changu kilibaki nje."

"Kitajirekebisha chenyewe, kaka."

"Wamesemaje?"

Rula alivua viatu taratibu. Aliona uchungu, na hasira, na aibu ya kurudi mikono mitupu.

"Wamesema inanyumbulika."

Kaka yake alicheka mpaka kochi likalia. "Wangeniuliza mimi, mdogo wangu," alisema, akiacha kucheka, "ningewaambia sikunyumbulika hata kidogo."

Tangazo la kampuni lilirudi tena. Kaka yake alitaka kulizima. Rimoti ilikuwa upande wa kulia, na kwa mazoea alitaka kuinua mkono ule ule; bega lilisogea, mkono ukabaki palepale. Kwenye televisheni nembo nayo ilisogeza bega. Akajaribu tena, nayo ikajaribu tena. Nje, kwenye bango lililobandikwa mchana huo katika kituo cha basi kilicho mkabala na dirisha, ilikuwa inajaribu pia, na watu waliokuwa wakisubiri basi walisogea kidogo kuipa nafasi.

Rula aliichukua rimoti, akazima. Kaka yake akaacha kujaribu. Ya kituoni iliendelea.